Asilimia Sifuri ya Wizi

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024

Leo nimetukanwa na mashine. Mimi, Sumaili Asumani, mwenye sekretaria ya "Kalamu ya Dhahabu" hapa karibu na kivuko! Kindu nzima wananijua. Ninawachapia watu barua, maombi ya kazi, na zile kazi za wanafunzi za kumaliza chuo. Miaka kumi na miwili. Mimi mwenyewe nimemaliza chuo mara arobaini, kwa majina ya watu wengine, na hakuna mwalimu aliyelalamika.

Habari yenyewe njo hii. Madame Falone, mkubwa wa gazeti la mtandaoni liitwalo Mtoni, kule Lubumbashi, anatafuta mwandishi mmoja wa kudumu wa Maniema. Nimemtumia makala mbili. Zote mbili amekataa. Eti ana mashine inayosoma mtandao mzima kwa dakika moja na kujua nani ameiba kwa nani. Kwa makala ya kwanza imesema nimeiba asilimia tisini na nne. Uonevu! Ile sita iliyobaki njo jasho langu, na mtu wa haki angeanza kuhesabu hapo.

Kweli, makala yenyewe ilihusu Goma. Nilibadilisha jina la mji tu. Madame akauliza hapa Kindu volkeno iko wapi. Nikamjibu iko nyuma ya katedrali, ila imezimika. Hakufurahi.

Amenipa nafasi ya mwisho. Hadithi moja ya kweli ya miaka ya vita, niliyoiandika mwenyewe, kabla ya Alhamisi. Ikipita, mimi njo mwandishi wa Maniema, na kadi yenye picha yangu shingoni. Naitaka ile kadi kuliko chakula. Kasoro ni moja: Ismaël, mwenye sekretaria ng'ambo ya barabara, naye ameomba. Ismaël! Mtu anayeandika kila neno mwenyewe, polepole, ulimi nje. Ataniweza wapi?

Jumanne, tarehe 3 Septemba

Mungu ni mkubwa! Mama Salama, yule muuza samaki wa kukausha, ameniletea daftari la shule. Kurasa kumi na tisa, biki ya bluu, mwandiko umenyooka. Anataka nakala tatu zilizochapwa vizuri kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, siku binti yake Sharifa anapoolewa. Moja ya bibi harusi, moja yake mwenyewe, na ya tatu ya Idrissa, mpiga kasia wa kivukoni.

Nikauliza Idrissa anaingiaje hapo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Mwaka wa tisini na tisa, vita vimepamba moto, yeye alikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, na mimba yake. Uchungu ukamshika mchana, mvua inamwagika. Hospitali iko upande huu. Askari walioshika mji walikuwa wamekataza mitumbwi yote, na kila mpiga kasia akageuza uso. Mmoja tu, Twaibu, baba yake Idrissa, akasema twende. Kasia lake lilikuwa limevunjika, limebaki nusu. Sharifa akazaliwa katikati ya Lualaba. Twaibu akavua shati akamfunika mtoto. Walipogusa ukingo askari wakamchapa fimbo, wakaupasua mtumbwi wake kwa shoka. Maisha yake yote yaliyobaki alibeba magunia pale stesheni ya treni. Hakudai kitu. Amekufa, na hakuna aliyemtaja popote.

Mama Salama anasema Sharifa hatatoka nyumbani kwake kabla jina la Twaibu halijasomwa mbele ya watu. Deni la miaka ishirini na mitano, anasema. Akafuta macho kwa kitenge.

Nami machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa nawaza jambo kubwa: ile mashine inasoma mtandao. Daftari la Mama Salama haliko kwenye mtandao!

Jumatano, tarehe 4 Septemba

Nimefanya kazi kama punda. Anayesema kunakili ni kazi rahisi aje anione vidole. Kurasa kumi na tisa!

Na si kunakili tu, nimetunga pia. Daftari linasema "mimi", na huyo mimi ana mimba ya miezi tisa. Nikajitoa mimba. Mama Salama sasa ni "mwanamke mmoja". Twaibu ndiye aliyenisumbua. Msomaji atauliza, wewe Sumaili, huyu Twaibu umemjulia wapi? Makala inataka damu ya mwandishi ndani yake. Nikamweka Papa. Papa Asumani, baba yangu mzazi, ndiye aliyepiga kasia nusu, akavua shati, akachapwa. Nilipofika kwenye fimbo nililia kabisa. Papa wangu maskini, kumbe aliteseka hivi!

Nimejiuliza kama kuna ubaya. Nimetafuta kwa dakika nzima. Twaibu amekufa, hasomi. Papa yuko hai na anapenda kutajwa. Nimetuma.

Alhamisi, tarehe 5 Septemba

ASILIMIA SIFURI! Sifuri ya wizi! Mashine imenisafisha mbele ya Lubumbashi yote. Madame Falone anasema tangu aanze kazi hii hajaona makala safi kiasi hiki. Ameniita sauti mpya ya Maniema.

Na Ismaël? Kumi na moja! Mjinga yule aliweka maneno ya watu wengine ndani ya alama, kisha akawataja wenyewe mmoja mmoja. Mashine ikamhesabia yote. Nilivuka barabara kwenda kumpa pole. Nikamshauri ajifunze kutumia kichwa chake mwenyewe, kama mimi. Akarudi kwenye mashine yake ya fotokopi.

Ijumaa, tarehe 6 Septemba

Imetoka! "Kasia Nusu", na jina langu chini yake. Kindu nzima iko kwenye simu. Vijana wa pikipiki wananiita Mutoto wa Shujaa. Mama wa sokoni amenipa fungu la sombe, majani ya muhogo, bure.

Watu wenye umri mkubwa wanacheka, sijui kwa nini. Haya, najua. Papa hajavuka Lualaba hata siku moja. Ana miaka sabini na moja, amezaliwa hapa, na Alunguli anaiona kwa macho tu. Dada yake wa damu aliolewa ng'ambo, na Papa akatuma kuku na salamu tu. Mtu akimwaga maji ya ndoo karibu naye, anasogeza kiti.

Alinipigia simu asubuhi kwa hasira, akauliza nani ameniruhusu kumtia majini. Akasema huo ni uongo, kesho Mungu atamuuliza. Saa sita jirani akamletea jogoo. Saa nane watoto wa mtaa wakaja kumsalimia kwa mstari. Saa kumi Papa alianza kukumbuka mvua.

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Papa sasa anakumbuka mapacha. Nimemwomba abaki na mtoto mmoja, kama ilivyochapwa. Amesema mimi sikuwepo.

Halafu ujumbe wa Madame Falone. Anakuja Kindu Alhamisi! Ataniletea kadi kwa mkono wake, na mpiga picha atampiga Papa picha katikati ya Lualaba, ndani ya mtumbwi, na kasia nusu. Kwanza sikuogopa. Kwa treni kutoka Lubumbashi angefika karibu na Noeli, na hapo ningekuwa nimepata la kusema. Anakuja kwa ndege.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Mazoezi. Nimemkalisha Papa ndani ya mtumbwi uliopandishwa mchangani, hatua ishirini kutoka kwenye maji. Alifumba macho, akashika kingo kwa mikono miwili. Baada ya robo saa akatapika. Mchangani, kwenye jua, mtumbwi haujasogea hata kidole! Lakini kasia nusu analishika vizuri. Ana uso wa ushujaa, hasa akifumba macho.

Nikauliza kivukoni nani ana mkono mtulivu kuliko wote. Wote wakasema Idrissa. Kweli, ni mtoto wa Twaibu. Lakini kazi ni kazi, na simu yake ni ile ya kubonyeza, haina gazeti. Nimemwambia ni picha tu ya mzee mmoja anayependa mto. Akakubali. Jamani, nani mwingine angemkumbuka mtoto wa Twaibu?

Mama Salama amekuja kuuliza nakala zake. Nikasema imprimante, mashine yangu ya kuchapia, ni mgonjwa. Akaomba basi arudishiwe daftari, ajizoeze kusoma kabla ya harusi. Nikasema daftari liko ndani ya imprimante. Akaitazama imprimante, akanitazama na mimi, akaenda zake.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Sharifa amekuja, bibi harusi mwenyewe, hina bado mbichi mikononi. Aliweka simu juu ya meza yangu akauliza huyu mwanamke wa kwenye mtumbwi ni nani. Nikamwambia Lualaba ni kubwa, wanawake ni wengi. Akauliza kama wote walivushwa kwa kasia nusu. Nikasema wakati wa vita vitu vilikuwa haba. Akauliza shati je? Nikasema joto.

Hakupiga kelele. Alichukua simu yake, akaniambia mama yake amelingoja jina la Twaibu tangu yeye Sharifa azaliwe, na mimi nimelifuta kwa siku moja. Akatoka.

Nimeshinda mabishano hayo, nadhani. Ila chakula cha mchana hakikushuka. Nilikula saa kumi.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Siku ndefu. Niandike yote kwa utaratibu.

Madame Falone ni mfupi, anatembea haraka, na kadi yangu ilikuwa inaning'inia kwenye mkoba wake. Niliiona! Picha yangu! Tulishuka kivukoni, watu wamejaa. Papa na Idrissa katika mtumbwi mmoja. Mimi, Madame na mpiga picha katika mwingine.

Hatua kumi za kwanza Papa alikuwa mfalme. Ya kumi na moja akafumbua macho. Akatupa kasia nusu mtoni na kukumbatia mguu wa Idrissa. Madame akamuuliza, kwa heshima kabisa, alisema nini pale mtoto alipotoka tumboni. Papa akapiga ukelele kwamba arudishwe kwenye nchi kavu. Madame akaandika. Nikamnong'oneza kwamba hayo njo maneno yenyewe, Papa alikuwa anamlilia Mungu. Akaacha kuandika.

Hapo Idrissa akacheka kidogo. Akasema baba yake naye aliwahi kuvusha mama mwenye uchungu, wakati wa vita, na mtoto akazaliwa majini. Akasema kila mvua iliponyesha nyumbani baba yao aliwarudia maneno aliyomwambia yule mtoto, mpaka wao watoto wakayazoea. "Karibu Kindu, mutoto. Tusamehe mvua." Akasema hivyo tu, akaendelea kupiga kasia, na Papa mguuni.

Madame alianza kuandika tena. Mimi nikaonyesha ndege mzuri aliyepita. Hakumtazama.

Tulipogusa ukingo, Sharifa alikuwa mbele ya watu wote, amemshika mama yake mkono. Akamwambia Madame kwamba mwanamke mmoja wa kwenye gazeti njo huyu, na mtoto njo yeye. Madame hakuuliza maswali mengi. Aliuliza lile lile moja: yule mpiga kasia alimwambia nini mtoto? Mama Salama akasema hilo hakuliandika kwenye daftari, kila alipojaribu mkono ulikataa. Kisha akasema, taratibu, kwamba alimkaribisha Kindu na kumwomba msamaha kwa ajili ya mvua.

Idrissa alikuwa bado anafunga mtumbwi wake. Aliiacha kamba. Alipanda ule ukingo kama mtu asiyeona njia, na Mama Salama akampokea, wakashikana, na Sharifa juu yao, wanalia wote watatu, na kivuko chote kimya.

Kimya isipokuwa Papa. Maana kamba ikiachwa mtumbwi unaenda, na Papa alikuwa ndani yake. Alipita mbele yetu akichukuliwa na mto, peke yake, akiita majina ya malaika wote. Idrissa ndiye aliyejitupa majini na kumrudisha. Papa akambusu mikono, akasema mbele ya watu kwamba hajawahi kupanda mtumbwi tangu azaliwe, kwamba mapacha hawakuwepo, na kwamba yote ni mtoto wake Sumaili. Baba mzazi!

Nikiri jambo. Wale watatu walipokuwa wanalia, nilisikia kitu hapa kifuani, kizito. Kilikaa dakika mbili hivi. Kisha Madame akaniuliza daftari liko wapi, nikalitoa ndani ya koti langu.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Jina langu limeondolewa. "Kasia Nusu" sasa ni ya Mama Salama, na Twaibu amerudi kwenye mtumbwi wake. Kadi amepewa Mama Salama. Wamebandika picha yake juu ya yangu. Ismaël amechapa nakala tatu kwa siku moja na kukataa malipo. Wa kujionyesha yule!

Madame alitaka kwenda polisi. Mama Salama akakataa. Anataka kitu kimoja tu: kesho, kwenye karamu ya harusi, nisimame niwaombe msamaha Idrissa na watu wote, kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe, na niseme kasia lilikuwa la nani.

Kusimama! Mbele ya watu mia tatu! Kusoma maandishi yangu! Hakuna mwandishi wa Kindu aliyewahi kupewa heshima hii.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Asubuhi nilikaa muda wa saa mbili mbele ya karatasi tupu. Msamaha ni kazi ngumu, hasa ukiwa hujazoea. Nikainua macho, na ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa Ismaël, kuna tangazo. Mashine yake ya fotokopi imekufa tangu jana jioni, naye amewaandikia wateja wake. "Ndugu zangu niliowakosea, sina neno la kujitetea. Mlinikabidhi kitu chenu mkiniamini, nami nimewarudisha mikono mitupu. Naona aibu kupita mbele yenu." Na kuendelea, ukurasa mzima. Maandishi mazuri! Yanapotea bure mlangoni, kwa ajili ya fotokopi. Nikayaokoa. Nikatia Twaibu na Idrissa mahali pao.

Karamu, wali, vigelegele, Sharifa amependeza, bwana harusi Yassine pembeni yake. Mama Salama akasoma daftari lake lote kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Twaibu watu walisimama bila kuambiwa, hata mapadri waliokuwa wamealikwa, hata Papa. Idrissa alipewa nakala yake. Husoma kwa shida. Aliweka kidole kwenye jina la baba yake, akalisoma, akarudi akalisoma tena. Hakwenda mstari wa pili.

Kisha mimi. Nilisema kasia lilikuwa la Twaibu, si la mtu wa kwetu. Nikasoma. Kwenye "mikono mitupu" wanawake wakaanza kufuta macho. Nilikuwa nimenogewa sana, sikuweza kuacha, nikasoma mpaka mwisho kabisa: "Nivumilieni. Nitawatumikia tena wino utakapofika kutoka Kisangani."

Watu wakatazamana. Nikajua nimekwisha. Halafu mzee mmoja akatikisa kichwa pole pole, akasema kweli, mwandishi aliyekosa lazima angoje wino mpya. Wakapiga makofi! Idrissa akaja akanipa mkono. Akasema jina la baba yake limepata mahali, yeye hana neno zaidi. Mama Salama akanijazia sahani mara mbili.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Ismaël alikohoa mpaka akatolewa nje. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Kazi imeongezeka mpaka nimeweka benchi nje. Kila mtu Kindu amemkosea mtu, na kila mtu anataka msamaha wa Sumaili. Tisa tangu Jumatatu! Naandika upesi sana, maana kinachobadilika ni majina tu.

Leo nimeokoa ndoa. Soudi, fundi baiskeli, na mkewe Adèle hawajasemeshana tangu mwezi wa saba. Jumatatu alikuja Soudi kwa siri, akachukua barua. Jumanne akaja Adèle kwa siri, akachukua barua. Jana jioni wakabadilishana. Ile ile, neno kwa neno, mpaka wino wa Kisangani! Wamelia wakasema Mungu ameweka maneno mamoja katika mioyo miwili. Asubuhi wamepita hapa wameshikana mikono, wakaniletea ndizi.

Sasa kuna jambo moja tu linaniudhi. Ismaël mpaka leo hajaondoa lile tangazo mlangoni kwake. Nimevuka barabara nikamwambia kwa upole alitoe haraka, watu wasije wakasema ameniibia.